Willis Carrier: Mhandisi aliyesoma ukungu na kuipa dunia kiyoyozi

WAKAZI wa Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki huenda ndio Wakenya wenye haja ndogo zaidi ya kiyoyozi. Miji yao imejengwa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai ukungu wa Mlima Kenya na ule wa Milima ya Aberdare hutanda juu ya mapaa kiasi kwamba watu hukaa na makoti hadi adhuhuri.

Hata hivyo, elimu ya mtu aliyebuni kiyoyozi cha kisasa inafanya kazi katika eneo hili usiku na mchana. Imo katika feni kubwa zinazonyausha majani chai katika viwanda kama vile Ragati, Gathuthi na Chinga. Imo katika vyumba vya baridi vinavyohifadhi maua ya waridi ya Timau na Nanyuki kabla ya kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Imo pia katika vyumba vya upasuaji na katika vyumba vya kompyuta za mabenki.

Feni hizo zinapozunguka, hakuna anayezikumbuka. Zinapoanza kuzima na kuwaka zenyewe bila mpango, mali huharibika na fundi huamshwa usiku wa manane. Willis Haviland Carrier, aliyefariki mwaka 1950, aliyatumia maisha yake kuzikabili hitilafu za aina hiyo, yaani zile zinazokuja na kwenda kana kwamba hazina sababu. Alithibitisha kwamba sababu huwa ipo, na kwamba huonekana kwa anayepima badala ya kukisia.

Matofaa ya mama

Carrier alizaliwa Novemba 26, 1876, katika kijiji cha Angola, jimbo la New York nchini Marekani, karibu na Ziwa Erie. Alikuwa mtoto wa pekee katika familia ya wakulima. Mamake, Elizabeth Haviland, alikuwa na kipaji cha kutengeneza saa na cherehani zilizoharibika, na mwanawe alikua akimtazama.

Kijana huyo alipokwama katika hesabu ya sehemu, mama hakumkaripia wala hakumpa kanuni za kukariri. Alimtuma akalete matofaa kutoka ghala la chini ya nyumba, akamwagiza ayakate nusu, robo na thumuni, kisha ayajumlishe na kuyatoa kwa mikono yake. Carrier alikumbuka somo hilo hadi uzeeni. Alisema ndilo lililomwonyesha kwamba tatizo lolote, hata liwe kubwa namna gani, hukatwa vipande vidogo vinavyoeleweka.

Mama huyo alifariki Carrier akiwa na umri wa miaka 11 tu. Miaka michache baadaye, msukosuko wa kiuchumi ulioikumba Marekani mwaka 1893 uliikausha mifuko ya wakulima, na ndoto yake ya kwenda chuo kikuu ikaahirishwa. Alifundisha shule kwa muda, akarudi darasani mjini Buffalo, na mwaka 1897 akapata ufadhili wa kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell. Ufadhili huo haukutosha kumlisha, hivyo alikata nyasi na kuchochea tanuri za kupasha nyumba joto ili ajikimu.

Kazi ya kukausha kahawa

Alipohitimu mwaka 1901, Carrier aliajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge kwa mshahara wa dola 10 kwa wiki. Kampuni hiyo iliunda feni na mitambo ya kupasha hewa joto. Miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kusanifu mitambo ya kukausha mbao na kahawa. Mkulima wa Tetu au Mathira anayeijua hofu ya buni iliyoanikwa wakati mvua inaponyemelea angeielewa kazi hiyo mara moja.

Carrier aligundua upesi kwamba wahandisi wa siku hizo walikuwa wakikisia. Hakuna aliyejua kwa hakika hewa huchukua joto kiasi gani inapopita juu ya bomba la moto, au feni ya ukubwa fulani husukuma hewa kiasi gani. Walichofanya ni kuunda mitambo mikubwa kupita kiasi, wakiomba Mungu itoshe. Kijana huyo alianza kupima, akaandika matokeo katika majedwali, na kampuni ikapunguza gharama zake. Waajiri wake waliona faida ya utafiti, wakampa nafasi ya kuuendeleza.

Karatasi zilizokataa kutulia

Mwaka 1902 lilifika ofisini tatizo ambalo kila mtu aliyewahi kufanya kazi karibu na mtambo wa uchapishaji atalielewa. Kampuni ya Sackett & Wilhelms ya mtaa wa Brooklyn, New York, ilikuwa ikichapisha picha za rangi. Kila rangi ilipigwa kivyake, hivyo karatasi ilipitishwa mtamboni mara kadhaa.

Siku nyingine kazi ilitoka safi. Siku nyingine rangi ziliachana, picha zikawa na kingo mbili kama kitu kinachotazamwa na mlevi. Wapigachapa walilaumu mitambo, wino na hata wao kwa wao. Mtambo haukuwa na kosa. Karatasi ilikuwa ikivuta unyevu wa hewa na kutanuka, kisha hewa ilipokauka ikanywea, hata kati ya rangi moja na inayofuata.

Irvine Lyle, aliyesimamia mauzo ya Buffalo Forge jijini New York, alimkabidhi Carrier swali hilo. Kijana wa miaka 25 akachukua majedwali ya idara ya serikali ya utabiri wa hali ya hewa, akayasoma kama mtu anayesoma daftari la duka. Alihitaji kujua hewa ya kiwango fulani cha joto hubeba maji kiasi gani, na huanza kuyaachilia ikifika baridi gani.

Michoro yake ina tarehe ya Julai 17, 1902. Katika mtambo huo, feni ilisukuma hewa juu ya mabomba yaliyojaa maji baridi. Hewa ilipopoa ilitoa jasho, maji yakachuruzika, na iliyobaki ikawa kavu kwa kiwango kilichokusudiwa. Lengo lilikuwa kushikilia unyevu katika asilimia 55 ya ule ambao hewa inaweza kubeba, iwe masika au kiangazi. Hiyo ndiyo siku ambayo wengi huihesabu kuwa ya kuzaliwa kwa kiyoyozi cha kisasa.

Inafaa kukumbukwa kwamba mashine hiyo haikubuniwa kwa ajili ya starehe ya binadamu. Ilibuniwa kwa ajili ya karatasi, na wafanyakazi wakapata ubaridi kama nyongeza.

Usiku wa ukungu

Mwishoni mwa mwaka huo, Carrier alikuwa akisubiri gari moshi katika stesheni ya Pittsburgh usiku wa ukungu mzito. Mtu wa kawaida angefunga koti na kulalamika. Yeye alianza kuwaza kwamba hewa ile ilikuwa imejaa maji kabisa, lakini kwa kuwa ilikuwa baridi, maji yenyewe yalikuwa machache.

Kutokana na wazo hilo alifikia jambo linaloonekana kama kichekesho, nalo ni kwamba hewa inaweza kukaushwa kwa kunyunyiziwa maji. Hewa ikipitishwa katika ukungu wa maji baridi, hushuka hadi kiwango cha joto cha maji hayo na kuacha unyevu uliozidi. Anayetawala joto la maji, basi, anatawala unyevu wa hewa. Hataza ya uvumbuzi huo, nambari 808,897, ilitolewa Januari 2, 1906. Mwaka uo huo, mhandisi wa viwanda vya nguo Stuart Cramer wa North Carolina ndiye aliyeipa elimu hiyo jina linalotumika kwa Kiingereza hadi leo. Kufikia mwaka 1907, mtambo wa aina hiyo ulikuwa umeagizwa na kiwanda cha hariri mjini Yokohama, Japani.

Desemba 1911 Carrier aliwasilisha kanuni zake za hesabu za hewa na unyevu mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani. Wanafunzi wa uhandisi kote duniani, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi mjini Nyeri, bado hufundishwa misingi hiyo.

Faida yake huonekana wazi kiwandani. Jani la chai bichi huwa na maji kwa takriban asilimia 80 ya uzito wake, na kazi ya feni za kunyausha ni kuyapunguza polepole kwa saa nyingi. Katika siku za ukungu wa Julai, hewa ya nje huwa imeshiba na haiwezi kubeba maji zaidi. Ndiposa viwanda huipasha joto kidogo kwanza, ipate nafasi ya kubeba. Feni ikisimama bila mtu kugundua, majani yaliyorundikana hupata joto na kugeuka rangi kabla ya wakati wake, na jasho la mchumaji huharibika.

Mtambo uliomnyima usingizi

Safari ya Carrier haikuwa ya ushindi mtupu. Akiwa angali kijana Buffalo Forge, alitumwa kuweka mtambo wa kusafisha gesi katika kiwanda cha vioo huko Crystal City, jimbo la Missouri. Teknolojia hiyo ilikuwa imejaribiwa mara moja tu kabla ya hapo. Mtambo ulifanya kazi, lakini haukufikia kiwango ambacho kampuni ilikuwa imekiahidi kwa mteja.

Carrier alipatwa na fadhaa, tumbo likamsokota na usingizi ukampaa. Hatimaye aliona kwamba wasiwasi haukuwa ukitengeneza chochote. Akajiuliza baya zaidi ambalo lingeweza kutokea: waajiri wangepoteza dola 20,000, naye huenda angefutwa kazi. Akalikubali moyoni kwamba hata hilo angelistahimili. Baada ya kulikubali, akili ilitulia na akarudi kwenye vipimo. Vilimwonyesha kwamba vifaa vya ziada vya dola 5,000 vingemaliza tatizo, na kampuni ikaishia kupata faida ya dola 15,000.

Kisa hicho kilienea duniani kupitia kitabu cha Dale Carnegie kuhusu kushinda wasiwasi, kilichochapishwa mwaka 1948. Kwa hiyo wako wanaomfahamu Carrier kama mwalimu wa utulivu bila kujua kwamba alikuwa fundi wa hewa.

Kampuni na sinema

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Buffalo Forge iliamua kujiondoa katika biashara ya viyoyozi. Carrier, Lyle na wenzao watano walichanga akiba zao, zaidi ya dola 30,000, na mwaka 1915 wakaanzisha kampuni yao wenyewe.

Mwaka 1922 alizindua mashine mpya ya kupoza iliyokuwa ndogo na salama zaidi kuliko zile za awali zilizotumia amonia, gesi yenye sumu. Umma uliitambua nguvu yake mwaka 1925, wakati jumba la sinema la Rivoli jijini New York lilipofunguliwa na mtambo mpya mwanzoni mwa msimu wa joto. Mtambo ulichelewa kuwashwa, na watazamaji waliingia wakijipepea. Tajiri wa filamu Adolph Zukor alikuwa ameketi juu akitazama umati badala ya picha. Kidogo kidogo vipepeo vilitua mapajani, kimoja baada ya kingine, na Carrier akajua amefaulu.

Maduka makubwa, mabunge, treni na nyumba za watu binafsi vilifuata. Mdororo wa miaka ya 1930 uliitikisa kampuni, iliyoungana na nyingine mbili mwaka 1930 na kuhamia Syracuse mwaka 1937, lakini haikuanguka.

Feni inayozima na kuwaka

Wanaomiliki viyoyozi vinavyopoza nyumba nzima hukumbana na malalamiko yaleyale ambayo Carrier alitumiwa kutoka Brooklyn: leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Njia yake ya kutatua ingali ndiyo njia bora, na huanza kwa kuandika. Feni husimama baada ya dakika ngapi? Hukaa muda gani kabla ya kurudi? Ni ile ya ndani inayosambaza hewa vyumbani, au ile ya nje inayotoa joto?

Kwanza huthibitishwa kama kuna kosa lolote. Katika mji wa baridi kama Nyeri, themostati huweza kusimamisha mashine kwa sababu chumba kimeshafika kiwango kilichowekwa. Huo ni utiifu, si ugonjwa.

Pili huangaliwa njia ya hewa. Chujio lililoziba kwa vumbi huzuia hewa, mabomba ya kupoza yakajijengea barafu, na mwenye nyumba akadhani feni imesimama ilhali inazunguka lakini haipitishi kitu. Nje, majani makavu na vumbi la barabarani huziba mapezi ya mashine na kuifanya ichemke.

Tatu, muda wenyewe hutoa ushahidi. Mota inayosimama ikiwa moto, ikapumzika nusu saa na kurudi yenyewe, kwa kawaida imezimwa na swichi ndogo ya usalama iliyo ndani yake. Anayebadilisha swichi hiyo pekee amemfukuza mlinzi na kumwacha mwizi. Sababu ya joto huwa kwingine: beringi zilizokauka mafuta, umeme unaoshuka chini ya kiwango, au kapasita dhaifu, yaani kile kifaa chenye umbo la mkebe kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Mota inayonguruma bila kuzunguka huelekeza kidole kwenye kapasita hiyo au kwenye beringi zilizokwama. Inayorudi mashine inapotikisika huashiria waya uliolegea au swichi iliyoungua midomo.

Maeneo ya mlimani yana jambo la ziada. Mota nyingi za umeme hutengenezwa kwa hesabu ya kutumika hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Nyeri, Nanyuki na hasa Timau ni nyepesi zaidi, na hubeba joto kidogo kutoka kwenye mota. Iliyochaguliwa bila kuzingatia mwinuko huweza kuchemka hata siku ya baridi, na fundi asiyejua hilo atabadilisha mota baada ya mota.

Mwenye nyumba anaweza kusafisha chujio na kuandika nyakati, baada ya kuzima umeme kwenye swichi kuu. Kilichobaki ni cha fundi aliyehitimu, kwa kuwa kapasita huweza kuhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya mashine kuzimwa. Vilevile, usipoziba ufa utajenga ukuta: kapasita ya bei nafuu iliyopuuzwa huishia kuiunguza mota nzima.

Miaka ya mwisho

Maisha ya nyumbani hayakumwepushia Carrier majonzi. Mkewe wa kwanza, Edith Claire Seymour, alifariki mwaka 1912, na wa pili, Jennie Martin, mwaka 1939. Aliwalea wavulana wawili wa kupanga, na mwaka 1941 akamwoa Elizabeth Wise. Maradhi ya moyo yalimlazimisha kustaafu mwaka 1948. Alifariki jijini New York Oktoba 7, 1950, akiwa na umri wa miaka 73, na akazikwa mjini Buffalo. Mwaka 1985 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani.

Urithi wake una deni. Gesi zilizotumika baadaye katika viyoyozi na majokofu zilibainika kutoboa tabaka la ozoni, na mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa. Zilizochukua nafasi yake zikabainika kuongeza joto la dunia, na mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza. Wakazi wa Nanyuki hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo, kwa kuwa theluji ya Mlima Kenya waliyoizoea babu zao imepungua mbele ya macho yao.

Deni hilo nalo litalipwa kwa njia aliyoitumia Carrier tangu siku ya matofaa, yaani kupima, kukata tatizo vipande na kutolaumu mtambo kabla ya kuichunguza hewa inayouzunguka. Mashine inayopoza kwa umeme mdogo, isiyovujisha gesi na inayotunzwa kabla haijaharibika, ndiyo heshima inayomfaa zaidi mhandisi huyo.